Jalada Lisipotee Tena: Namna ya Kuhamishia Masjala ya Mahakama Kwenye Mfumo wa Kielektroniki

"Mama, jalada lako bado halijaonekana. Rudi Jumanne ijayo."

Aliyewahi kukaa kwenye benchi nje ya masjala ya mahakama anaijua sentensi hiyo. Mama mwenyewe amepanda basi alfajiri kwa nauli ya kukopa. Shauri lake ni la mirathi: mumewe aliacha fedha benki, benki inataka barua ya usimamizi kutoka mahakamani, na jalada lipo mahali fulani kati ya makabati matatu, meza ya mchapaji na ofisi ya hakimu aliyehamishiwa mkoa mwingine. Nimefanya kazi upande wa ndani wa dirisha lile, na sentensi hiyo nimeitamka mimi mwenyewe mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Ndiyo maana naandika mwongozo huu.

Mifumo ipo. Tanzania ilitunga Kanuni za Usajili wa Mashauri kwa Njia ya Kielektroniki mwaka 2018 (Tangazo la Serikali Na. 148), na mwaka 2023 ikaingia kwenye mfumo mpya wa kusimamia mashauri, e-CMS. Kenya ilianza kusajili kesi kwa njia ya mtandao jijini Nairobi tarehe 1 Julai 2020, Uganda ikazindua mfumo wake Machi 2022, na Rwanda inautumia wake tangu 2016. Kwa hiyo sitazungumzia namna ya kununua programu. Nazungumza na hakimu mfawidhi (hakimu msimamizi wa mahakama), mtendaji wa mahakama na karani wa masjala ambao mfumo umeletwa kwao, au unakuja, na bado chumba kimejaa karatasi hadi darini. Mifano mingi ni ya mahakama ya wilaya Tanzania, kwa kuwa huko ndiko ninakokujua.

Hatua ya 1: Hesabu majalada, moja moja, kwa mkono

Kazi hii haina mkato na haiwezi kukasimiwa kwa mtaalamu wa kompyuta. Funga masjala kwa wadaawa, yaani wenye mashauri, Ijumaa mchana na Jumamosi mbili au tatu mfululizo, toa majalada yote kabatini, na kila jalada liandikwe kwenye jedwali moja: namba ya shauri na mwaka, aina ya shauri, majina ya wadaawa, hakimu aliyepangiwa, hatua lilipofikia, tarehe ya mwisho lilipoitwa, tarehe litakapoitwa tena, idadi ya kurasa, na vielelezo vyake viko wapi.

Unapoandika, gawa mafungu matatu: yanayoendelea, yaliyotolewa hukumu ila kuna rufaa au maombi ya kukaza hukumu (kuitekeleza), na yaliyofungwa kabisa. Kisha chukua rejista kubwa ya mashauri na upitie mstari kwa mstari ukilinganisha na jedwali. Hapo ndipo fungu la nne linapojitokeza: mashauri yaliyomo kwenye rejista lakini jalada halipo kabatini.

Fungu hilo la nne ndilo lenye thamani kuliko yote, na ndilo watu wanaloliruka kwa aibu. Msiliruke. Andika kwa kila shauri mahali pa kutafuta: Mahakama Kuu, ambako jalada liliitwa kwa rufaa au mapitio; kwa mchapaji, likisubiri mwenendo, yaani maandishi ya yaliyosemwa mahakamani, uchapwe; kwa hakimu aliyehama; stoo ya zamani. Mfumo wa kielektroniki hautafuti jalada. Ukiingiza shauri ambalo jalada lake hulijui liliko, umelipatia tu namba mpya ya kupotelea.

Hatua ya 2: Chora njia ya shauri kama ilivyo, bila kuipamba

Kaa na karani wa siku nyingi, siyo na mwongozo wa ofisi. Muulize: mtu akiingia na hati ya madai saa tatu asubuhi, inakwenda kwa nani? Inakaa siku ngapi kabla ya kupangiwa hakimu? Wito unaandikwa na nani, unapelekwa na nani, na ushahidi kwamba umepokelewa unarudi vipi? Chagua mashauri ishirini yaliyokwisha na uhesabu siku ambazo kila moja lilikaa likisubiri mtu fulani afanye jambo dogo: kusaini, kuchapa, kugonga muhuri.

Mara nyingi utakuta shauri limekuwa mbele ya hakimu kwa saa chache tu katika mwaka mzima. Siku nyingine zote lilikuwa safarini kati ya meza. Meza hizo ndizo mfumo unaweza kuziondoa, lakini mpaka uzitaje. Ofisi isipofanya zoezi hili huishia kuhamishia kila meza ya zamani ndani ya kompyuta, na shauri linaendelea kusubiri idhini ya mtu yuleyule, sasa kwenye skrini.

Hatua ya 3: Kubalianeni tarehe ya kusajiliwa ni ipi

Hili linaonekana dogo hadi mtu apoteze haki yake kwa kuchelewa siku moja. Kanuni za 2018 zinasema hati iliyotumwa kwenye mfumo kabla ya saa sita usiku kwa saa za Afrika Mashariki huhesabiwa imesajiliwa siku hiyo, isipokuwa mahakama imeweka muda maalumu au hati imekataliwa. Kwa upande mwingine, mahakama zetu zimezoea kwa miaka mingi kuhesabu siku ambayo ada imelipwa. Hapo katikati ndipo mawakili hubishana: mtu ametuma hati Jumatatu usiku, namba ya malipo imetoka Jumatano, amelipa Alhamisi. Amesajili lini?

Kutafsiri sheria si kazi ya karani, lakini masjala inaweza kuuzuia mgogoro usizaliwe. Hati zilizotumwa zipitiwe siku hiyohiyo au asubuhi inayofuata, na namba ya malipo (kontroli namba) itoke saa ileile hati inapokubaliwa. Hati ikikataliwa, sababu iandikwe kwa Kiswahili kinachoeleweka, ionyeshe kasoro ni ipi na irekebishwe vipi. Neno "imekataliwa" peke yake halimsaidii mtu. Mfumo uhifadhi nyakati zote tatu, kutuma, kukubaliwa na kulipa, ili hakimu akiulizwa awe na kitu cha kusoma.

Na mfumo ukianguka? Kanuni zimeliona hilo: aliyeshindwa kusajili siku ya mwisho kwa hitilafu ya kiufundi anaweza kuomba kuongezewa muda kwa msajili au hakimu mfawidhi, kabla ya saa tisa alasiri ya siku ya kazi inayofuata. Bandikeni jambo hilo mlangoni. Watu wengi hawalijui.

Hatua ya 4: Orodha fupi za kuchagua, hasa sababu za kuahirisha

Ukimwachia kila karani aandike anavyotaka, ndani ya miezi mitatu utakuwa na "Mirathi", "MIRATHI", "Mirath" na "Probate" kama aina nne za mashauri. Aina za mashauri, hatua zake na matokeo yake yawe ya kuchagua kwenye orodha iliyofungwa. Majina ya watu yaandikwe matatu, na namba ya kitambulisho cha NIDA iingizwe kama ipo. Isiwe sharti, kwa kuwa mwenye haki asiye na kitambulisho bado ana haki. Kwenye kesi za jinai, nafasi iwepo ya namba ya jalada la polisi na ya ofisi ya mashtaka kando ya namba ya mahakama. Rwanda walikwenda mbali zaidi: mfumo wao unaunganisha wapelelezi, waendesha mashtaka, mahakama na magereza, hivyo taarifa za mtuhumiwa haziandikwi upya kila anapovuka mlango.

Orodha ninayoisisitiza kuliko zote ni ya sababu za kuahirisha shauri. Iwe na maneno tunayoyasikia kila siku: upelelezi haujakamilika, shahidi hakufika, mshtakiwa hakuletwa kutoka mahabusu, wakili ameomba ahirisho, hati ya wito haijarudi, hakimu hayupo, jalada halikuonekana. Hakimu anapopanga tarehe mpya, mfumo usimruhusu kuendelea hadi achague sababu moja.

Baada ya miezi sita una kitu ambacho hakuna mahakama ya makaratasi iliyowahi kuwa nacho. Kama mashauri yanakwama kwa sababu wito haurudi, tatizo ni usambazaji wa nyaraka, na hakimu wa ziada hatalitatua. Kama mahabusu hawaletwi, zungumzeni na magereza kuhusu gari, au kuhusu kusikiliza maombi madogo kwa njia ya video. Kama ni upelelezi, peleka takwimu kwenye kikao cha wadau wa haki jinai, ukiwa na namba za mashauri mkononi. Mshtakiwa anayerudishwa rumande kwa mara ya kumi na moja kwa sababu ileile anastahili angalau hesabu hiyo ijulikane.

Hatua ya 5: Hakuna jalada lisilo na tarehe

Kama utachukua jambo moja tu kwenye mwongozo huu, chukua hili. Shauri halipotei siku jalada lisipoonekana. Lilipotea siku ile lilipoondoka mahakamani bila tarehe ya kurudi. Hakimu alikuwa likizo, karani akasema "mtapigiwa simu", hakuna aliyepiga. Tangu hapo hakuna sababu ya mtu yeyote kulishika jalada lile, likateremka chini ya mengine.

Kwa hiyo panga mfumo, au kama hauwezi basi panga utaratibu wa ofisi, hivi: siku ya kazi haifungwi hadi kila shauri lililoitwa siku hiyo liwe na tarehe ijayo au tamko la kwamba limekwisha. Hakimu akiwa mgonjwa au safarini, mashauri yake yapewe tarehe na hakimu mwingine asubuhi ileile, na wadaawa wapate ujumbe wa simu kabla hawajapanda basi.

Ongeza taarifa ya umri. Vipimo vya Mahakama ya Tanzania vinajulikana: shauri lisizidi miezi 6 Mahakama ya Mwanzo, miezi 12 Mahakama ya Wilaya na ya Hakimu Mkazi, miezi 24 Mahakama Kuu. Likizidi linaitwa mlundikano. Kenya wanahesabu mwaka mmoja. Kosa la kawaida ni kusubiri shauri livuke mstari ndipo lionekane kwenye orodha. Mahakama ya wilaya iombe orodha ya mashauri yaliyofikisha miezi tisa, wakati bado kuna miezi mitatu ya kuokoa jambo.

Hatua ya 6: Kuskani, na hesabu yake

Piga hesabu kabla ya kuahidi. Tuseme mahakama ina majalada 1,800 yanayoendelea, wastani wa kurasa 60 kila moja: kurasa 108,000. Watu wawili, mmoja akitoa pini na kuskani, mwingine akikagua, wanaweza kumudu kama kurasa 1,500 kwa siku bila kulipua. Hizo ni siku 72 za kazi, yaani zaidi ya miezi mitatu. Sasa ongeza majalada 20,000 yaliyofungwa: kurasa 1,200,000, siku 800 za kazi, zaidi ya miaka mitatu. Ndiyo maana ninasema anzeni na yanayoendelea. Yaliyofungwa yaskaniwe pale mtu anapoyahitaji, na mengine yasubiri fungu la fedha.

Skani kwa nukta 300 kwa inchi, hifadhi kama PDF/A iliyobuniwa kwa ajili ya kumbukumbu za muda mrefu, na faili lipewe jina la namba ya shauri, siyo jina la mdai. Mahakimu huandika mwenendo kwa mkono, mara nyingi pande zote mbili za karatasi, kwa hiyo mashine isome pande zote. Usisahau gamba la jalada: mara nyingine amri fupi na mihuri imo humo tu. Mkaguzi ahesabu kurasa za skani na kuzilinganisha na idadi mliyoandika hatua ya kwanza. Zikipishana hata moja, jalada linarudi mezani.

Vielelezo halisi, kama panga, simu au gunia la mahindi, vibaki stoo vikiwa na lebo yenye namba ya shauri, na mfumo uonyeshe rafu na jina la anayevitunza. Karatasi zenyewe msichome baada ya kuskani. Utunzaji na uteketezaji wa kumbukumbu za umma unasimamiwa na Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya 2002, na jalada lenye saini ya asili linaweza kuhitajika miaka mingi baadaye.

Hatua ya 7: Tarehe ya kukata

Anzeni na aina moja ya mashauri, kwa mfano madai mapya, kwa miezi miwili. Kisha tangazeni siku ambayo hakuna shauri jipya litakaloanza kwa karatasi. Kuendesha njia mbili sambamba kwa muda mrefu ni hatari kuliko kubaki na karatasi, kwa sababu tarehe moja inakuwa kwenye jalada na nyingine kwenye kompyuta, na wadaawa wanafika siku tofauti. Haraka ya nchi nzima, hata hivyo, si lazima: kutoka Nairobi Julai 2020 hadi Kenya ilipotangaza usajili wa mtandaoni kwenye mahakama zote Machi 2024, ilipita karibu miaka minne.

Hatua ya 8: Meza ya msaada kwa asiye na simu janja

Hapa ndipo moyo wangu ulipo. Mfumo unaomsaidia wakili wa mjini na kumfungia mlango mkulima haujaboresha mahakama.

Mwananchi asiyejua kompyuta atakwenda stesheneri ya jirani. Kijana wa pale atamfungulia akaunti kwa kutumia barua pepe ya duka na namba yake mwenyewe ya simu ili kazi iishe haraka. Tangu siku hiyo taarifa zote za shauri zinakwenda dukani, na mwenye shauri hajui alipaswa kufika tarehe gani. Shauri linafutwa kwa kutohudhuria.

Wekeni meza ndani ya jengo la mahakama, karani mmoja, kompyuta na skana, bila malipo zaidi ya ada ya kisheria. Akaunti isikubaliwe hadi namba ya simu ipigwe na ilie mfukoni mwa mwenye shauri, au mwa ndugu aliyemtaja mwenyewe. Asiyejua kusoma aeleze kwa mdomo na karani aandike, amsomee alichoandika, ndipo atume. Mahakama za Mwanzo zimezoea kupokea madai ya mdomo tangu zamani, na mfumo haupaswi kuwaondolea wananchi nafasi hiyo. Ujumbe wa simu uwe mfupi na wa Kiswahili: "Shauri lako la mirathi Na. 14 la 2024 litaitwa Jumatano tarehe 12 saa 3 asubuhi, chumba namba 2." Tangu marekebisho ya sheria ya 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama zetu, hivyo fomu na majibu ya mfumo nayo yasibaki nyuma.

Hatua ya 9: Nenosiri, umeme, siri

Kila mtumishi awe na nenosiri lake. Hakimu akimpa karani nenosiri lake "anisaidie kupandisha", amempa pia saini yake, na siku amri itakapobadilishwa kumbukumbu za mfumo zitamtaja hakimu. Rasimu ya hukumu isionekane kwa mtu mwingine hadi isomwe. Mashauri ya watoto na ya waliofanyiwa ukatili wa kingono yafungwe kwa ruhusa maalumu, na majina yafichwe kabla hukumu haijapandishwa TanzLII, tovuti ya hukumu na sheria, ambako mtu yeyote anaweza kusoma bure. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 nayo ipo.

Umeme ukikatika wakati wa kusikiliza, iwepo fomu ya karatasi ya ukurasa mmoja: namba ya shauri, waliohudhuria, amri, tarehe ijayo. Iingizwe kwenye mfumo siku hiyohiyo umeme ukirudi, na fomu ihifadhiwe kwenye jalada. Nakala rudufu za data zikae nje ya jengo, na mara moja kila robo mwaka jaribuni kurejesha shauri moja kutoka kwenye nakala hiyo. Nakala isiyowahi kujaribiwa haihesabiki.

Hatua ya 10: Kikao cha Ijumaa

Kila Ijumaa saa nane, nusu saa, hakimu mfawidhi, mtendaji na makarani wakae na orodha nne zilizotolewa na mfumo: mashauri yasiyo na tarehe, yaliyofikisha miezi tisa, hukumu zilizosomwa ambazo nakala zake hazijatolewa, na maahirisho ya wiki kwa sababu zake. Kila mstari upewe jina la mtu na siku ya kumaliza. Wiki za mwanzo orodha ya kwanza itakuwa ndefu na itauma. Msimwadhibu karani aliyeileta, la sivyo wiki ijayo itakuja fupi kwa uongo.

Halafu rudini kwenye lile fungu la nne, majalada ambayo hayajaonekana popote hata baada ya msako. Msisubiri wenyewe waje dirishani. Pigeni simu kwa wadaawa wa pande zote mbili na mawakili wao, waje na nakala walizonazo za hati, amri na stakabadhi. Ombeni nakala zilizobaki mahakama ya juu kama shauri liliwahi kufika huko. Chukueni yaliyoandikwa kwenye rejista. Kisha mpelekeeni hakimu aidhinishe jalada mbadala mbele ya wadaawa wote. Anzeni na mirathi na matunzo ya watoto. Likikamilika, liingizeni kwenye mfumo siku hiyohiyo, lipeni tarehe, na mama asiondoke kabla ujumbe haujaingia kwenye simu yake.